Aloi za nano na umeme usio na ukinzani

SWALI: Eti aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ikipangwa upya kwa vipimo vya nano (sehemu za bilioni za mita) inakuwa supakondakta, kile kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani, bora zaidi? Ama ni maneno tu?

JIBU: Inategemea bora kwa lipi, maana wengi wanadhani lazima lile joto la kuanza kupitisha umeme bila ukinzani lipande, kumbe mara nyingi halisogei sana. Chukua aloi ya niobi-titani, ile ya kwenye sumaku za mashine za MRI za kupiga picha za ndani ya mwili, inabaki palepale kelvini 9 hivi, yaani kama nyuzi 264 za Selsiasi chini ya sifuri. Kinachobadilika ni wingi wa umeme inaoweza kubeba. Ukiipasha moto na kuivuta iwe waya mwembamba, ukarudia tena na tena, sehemu ya titani inajitenga humo ndani na kuwa tepe zenye unene wa nanomita chache tu, na hizo tepe ndo zinazibana nyuzi za usumaku zilizopenya ndani ya waya zisitembee, kwasababu zikitembea tu joto linazaliwa na ukinzani unarudi. Yaani kasoro ndo zinasaidia, ajabu eh? Ila usizidishe. Chembe za supakondakta yenyewe zikiwa ndogo mno, nanomita chache kila upande, elektroni zinashindwa kushikana jozi, na jozi hizo ndo zinabeba umeme bila ukinzani, kwa hiyo mchezo umeisha.