Umeongeza monita ya pili Premiere ikaanza kuganda? Usipige Windows kwanza

Mkuu wa Tabora, nimekusoma: umechomeka monita ya pili, Premiere (ile programu ya Adobe ya kuhariri video) ikaanza kuganda, priviu nyeusi huku sauti inaenda, na fundi keshakwambia upige Windows upya na uongeze ramu. Subiri kwanza, hiyo hela ya ramu usiitoe.

Mi niko Kigoma, Mwanga hapa, kazi zangu ni harusi, send-off na kwaya, na kwa mashine ambazo vijana wananiletea kitu cha kwanza naangalia ni nyuma ya mashine, kebo zimechomekwa wapi. Mara nyingi unakuta monita moja iko kwenye kadi ya grafiksi na nyingine iko kwenye ile HDMI ya madabodi, kwasababu kadi ina tundu moja la HDMI na mengine ni DisplayPort, sasa mtu hana kebo yake anachomeka penye nafasi. Hapo skrini moja inaendeshwa na kadi, nyingine na grafiksi za ndani ya prosesa, na picha inabidi ihamishwe kutoka huku kwenda kule kila fremu wakati unacheza taimulaini. Hapo ni rahisi ikwame. Hamishia zote mbili kwenye kadi. Kebo ya DisplayPort kwenda HDMI ni sawa kabisa, ila angalia upande: ile ya kawaida inatoka DisplayPort ya kadi kwenda HDMI ya monita, ukiigeuza haileti picha. Na kama monita yako ni zile yuzdi zenye VGA tupu, nunua konveta yenye chipu ndani, kebo tupu haitafanya kazi kwenye kadi za saivi.

Ila usiende BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kuzima grafiksi za ndani, watu wanashauri hivyo na mi sikubaliani nao. Kama prosesa ni Intel yenye Quick Sync, yaani kile kipande cha grafiksi za ndani kinachosoma video, Premiere inaweza kuitumia kusoma video za H.264 na H.265 hata kama hakuna monita iliyochomekwa pale, ukizima unajinyima mwenyewe.

Kuhusu priviu nyeusi, fungua Project Settings, General, kwenye Renderer weka Software Only (prosesa ifanye kazi bila kadi) halafu cheza tena. Itakuwa nzito, usijali, ni jaribio tu. Picha ikirudi basi tatizo ni draiva au kadi, futa draiva uweke upya, kwa NVIDIA chukua ile ya Studio. Alafu rudisha Renderer kwenye kadi, usiisahau pale. Angalia pia Preferences, Playback, kama Mercury Transmit (inayotuma video kwenye monita nyingine) imewashwa hakikisha imetiki monita sahihi, maana ikitiki ile unayofanyia kazi video inakuja kufunika kila kitu na mtu anadhani programu imekufa.

Paneli zilizopotea ni jambo dogo, Alt+Shift+0 inarudisha mpangilio, na dirisha lililokimbilia skrini nyingine lirudishe kwa Windows+Shift+mshale. Huku kwetu umeme ukikatika hii inatokea sana, mashine iko kwenye UPS lakini monita ya pili iko ukutani, inazimika na paneli zinavurugika. Chomeka zote kwenye UPS kama inabeba mzigo huo.

Na kabla ya yote hayo chomoa monita ya pili ucheze kipande kilekile. Kikiganda vilevile basi monita haihusiki, huenda ni klipu za simu za H.265 kama unazitumia, tengeneza proksi (nakala nyepesi za klipu za kuhariria) uendelee na kazi.

Ukishahamisha kebo na bado inasumbua, weka hapa aina ya kadi, prosesa, na picha ya nyuma ya mashine kebo zikiwa zimechomekwa, nitaangalia jioni nikitoka kanisani kurekodi.