Sakafu za Mbao: Tone la Maji Kabla ya Msasa

Maswali ya safari hii yametoka zaidi katika nyumba za zamani za Kileleshwa, Parklands na Lavington jijini Nairobi, ambako sakafu za vipande vya muhuhu, mbao ngumu ya mti wa jina hilo, zingali imara ingawa mng'ao wake umefifia.

Vanishi ya sebuleni imechakaa. Fundi anasema ni lazima apige msasa mpaka kwenye mbao tupu. Je, ni kweli?

Huenda si lazima. Dondosha matone machache ya maji mahali panapokanyagwa zaidi, kama vile mlangoni na mbele ya kochi, kisha subiri dakika tano. Maji yakisimama kama shanga, vanishi ingali nzima, na kinachohitajika ni kukwaruza uso wake kwa msasa laini wa namba 120 au 150, kufuta vumbi lote na kupaka mkono mmoja mpya. Yakinywewa na mbao ikakolea rangi, hapo fundi wako ana haki. Kumbuka kwamba kila mara mashine inapopita juu ya mbao tupu huondoa unene usiorudi tena. Fundi anayelipwa kwa ukubwa wa kazi ana sababu ya kupendelea kazi kubwa. Simlaumu, lakini tone la maji halina njaa.

Mwaka jana tulipaka vanishi juu ya sakafu ambayo mama alikuwa akiipiga polishi kila Jumamosi. Sasa inabambuka vipande vipande. Je, tuliuziwa vanishi bandia?

Nashuku polishi kuliko duka. Polishi ya sakafu aghalabu huwa na nta, na vanishi haishiki juu ya nta, hata iwe ya bei ghali namna gani. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe tapentaini kidogo, usugue pembeni ambako vanishi haikufika. Kikitoka na rangi ya manjano au hudhurungi, hiyo ndiyo nta ya miaka yote ile. Kuifuta juujuu hakutoshi, kwa kuwa hujificha katika viungo vya vipande. Ama urudie polishi kama alivyofanya mama, njia ambayo haina aibu yoyote, ama upige msasa mpaka kwenye mbao tupu. Ukichagua msasa, mashine ianze kwa mshazari, kwa sababu nyuzi za vipande hivyo hazielekei upande mmoja.

Je, siki inafaa kusafishia?

La. Ni asidi, na ikitumiwa mara kwa mara hufifisha vanishi. Fagia kwa ufagio laini kila siku, kwani chembe za udongo mwekundu zinazoingia na viatu hukwaruza kama msasa, kisha upitishe mopu iliyokamuliwa barabara. Kupiga deki kwa ndoo ya maji kuachie saruji.

Tunaweza kupaka vanishi mwezi wa Aprili?

Mnaweza, ila mvua za masika huongeza unyevu hewani na kuchelewesha ukaukaji, kwa hiyo mimi ningengoja Januari au Februari. Vanishi ya maji kwa kawaida hukauka kwa saa chache, ilhali ile ya mafuta huhitaji usiku kucha, na hukomaa baada ya wiki kadhaa. Zulia lisirudishwe mapema. Vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta visirundikwe kamwe, kwani hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitumbukize katika ndoo ya bati yenye maji.

Chungu cha maua kimeacha duara jeusi. Je, litatoka kwa msasa?

Mara nyingi doa la namna hiyo hutokana na maji na chuma kukutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, nalo huzama kuliko msasa unavyofika. Asidi ya oksaliki, ikipakwa juu ya mbao tupu na kisha kusuuzwa, hulififisha. Vaa glavu na miwani, kwani asidi hiyo ni sumu, basi iwekwe mbali na watoto.