Kabla ya kitanda, rejeta

Mwanangu,

Barua yako imefika. Unasema wewe na mwenzako mna shilingi 1,200,000 kwa pamoja, mjomba wako amekubali kuwaazima ile HiAce ya dizeli iliyokuwa taksi, na mna siku saba: Kampala, Masaka, Mbarara, Kabale hadi Ziwa Bunyonyi, kisha kurudi Mbarara, kupita Ishaka na Kasese, kulala Fort Portal na kurudi nyumbani kwa njia ya Mubende. Unauliza kama pesa zinatosha, na kitanda mkitengeneze namna gani.

Pesa zinatosha kwa kubana. Kitanda ni swali la mwisho. Gari hilo limebeba watu 14 kwa miaka, na kilichochoka ndani yake ni mfumo wa maji ya kupoza injini, breki na tairi. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye chakula na mahali pa kulala. Ukibana gereji, utalipa mara tatu ukiwa Ntungamo, tena kwa fundi asiyekujua.

Hesabu ni hii. Mzunguko wenu ni kama kilomita 1,110. Pamoja na kuingia mijini na kupotea kidogo, weka 1,250. Injini ya 3L, hiyo ya dizeli ya HiAce yenu, ikiwa na afya hutembea kilomita 10 hivi kwa lita, kwa hiyo ni lita 125. Weka 5,000 kwa lita, unapata 625,000. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vilima vya Kigezi, huko Kabale, iwe 690,000. Zinabaki 510,000. Chakula cha wawili 25,000 kwa siku, yaani 175,000. Usiku tatu za kulipia kambi 50,000, usiku tatu za kumpa askari wa mahali mlipoegesha 10,000: jumla 180,000. Zinabaki 155,000 za pancha na dharura, na hizo zikae mfuko tofauti. Kama bei ya dizeli imepanda siku mtakayoondoka, rudia hesabu kabla ya kugeuza ufunguo.

Gereji haimo humo. Zungumza na mjomba wako mapema: gari likirudi na breki mpya faida ni yake, basi yeye anunue spea, ninyi mlipe fundi. Na umuulize taimingi belti, mkanda unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, ilibadilishwa lini. Kwenye 3L hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hakumbuki, hesabu kwamba haijabadilishwa. Ikikatika, valvu zinagonga pistoni, na gari linarudi Kampala juu ya lori.

Sasa maji. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kule maji ya sufuria huchemka yakifika digrii 93 hivi, hayangoji 100. Kinachozuia rejeta isichemke ni kifuniko chake: kinabana mvuke, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Mpira wa kifuniko ukipasuka au springi ikilegea, gari ambalo Kampala halina neno litaanza kutapika maji kwenye kona za Rwahi, na fundi wa njiani atakuuzia gasketi ya hedi (kizibo kati ya injini na hedi, kichwa chake cha juu) usiyoihitaji. Nunua kifuniko kipya chenye namba ileile iliyochapwa juu ya cha zamani, mara nyingi 0.9, ndicho kipimo cha mgandamizo. Ni kati ya vitu vya bei ndogo katika barua hii.

Halafu thamostati, mlango mdogo unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Itoe, ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, washa sigiri. Nyingi zimeandikwa 82. Karibu na joto hilo utaona kisahani cha katikati kikianza kuachana na ukingo, na kabla maji hayajachemka kiwe kimefunguka kama milimita 8. Kikibaki kimefunga, itupe. Fundi akikwambia muiondoe kabisa kwa kuwa nchi yetu ni ya joto, mkatalie. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto hurudi injini bila kupita kwenye rejeta, na umeongeza ugonjwa uliotaka kuutibu.

Kipimo cha gasketi hakihitaji mashine. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, jaza maji hadi mdomoni, mwenzako awashe. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonaswa. Yakiendelea dakika tano bila kukoma, na yakazidi akikanyaga mafuta, huo ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Tazama na dipstiki: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, habari ni hiyohiyo. Hapo safari imeahirishwa, na usikubali mtu akumwagie dawa ya kuziba ndani ya rejeta, kwa sababu huziba na mirija mizuri.

Bonyeza feni belti kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ishuke kama sentimita moja. Minya hosi za maji zikiwa baridi. Iliyovimba karibu na klipu au inayotoa mlio wa kukwaruza ndani imeoza. Beba feni belti moja, hosi ya juu moja, klipu nne na lita 10 za maji safi ya rejeta, mbali na yale ya kunywa.

Kumbuka injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele. Huna boneti ya kukutolea mvuke usoni, kwa hiyo mshale wa joto ndio jicho lako. Mshale ukipanda kupita kawaida yake, rudi gia ya chini, washa hita hadi mwisho na feni yake (ndiyo, jasho litawatoka), usogee pembeni penye nafasi. Iache injini ingurume polepole dakika mbili tatu ndipo uzime. Lakini kama maji yameshamwagika, zima palepale. Ngoja dakika 40. Kifuniko kifunguliwe kwa kitambaa kizito, robo mzunguko kwanza mvuke utoke. Maji baridi juu ya hedi ya moto huipasua, na hedi ni bei ya safari nzima.

Breki. Mna miteremko miwili ya kuogopa: ule wa kushuka kutoka mlimani kuingia Bunyonyi, na ule mrefu wa Kichwamba, baada ya Ishaka, pale ardhi inapoanguka kuelekea Bonde la Ufa na unaona mbuga yote chini. Mtu anayeshuka Kichwamba kwa gia ya nne na mguu juu ya pedali hufika chini bila breki. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Ngoma za breki zikipata moto, ule unyevu unageuka mvuke, mvuke unakandamizika, na pedali inazama hadi chini. Kwa hiyo kabla ya safari oili yote ibadilishwe. Chupa ya lita moja ya DOT 3 inatosha, na mtoe upepo kwenye mabomba ya breki mkianza na gurudumu la nyuma kushoto, kwa kuwa ndilo lililo mbali zaidi na pampu. Ngoma zifunguliwe. Inua vimpira vya silinda ndogo. Ukikuta majimaji ndani, silinda inavuja hata kama nje ni kukavu.

Njiani, shuka kwa gia ambayo ungetumia kupanda. Ikilia injini, iache ilie. Kanyaga breki kwa nguvu sekunde chache, achia, injini ishike. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha, weka jiwe chini ya gurudumu, subiri ipoe yenyewe. Usimwage maji.

Tairi za HiAce hiyo huwa 195R14C, za mzigo. Wauza tairi za mtumba watakuonyesha meno marefu. Wewe soma ubavu: tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iliyopita miaka sita iache hata ikiwa inang'aa. Inang'aa kwa sababu imepakwa dawa. Madereva wa taksi hujaza upepo wa kubeba watu 14. Ninyi mko wawili na godoro, kwa hiyo anza na psi 45 mbele na 50 nyuma, tairi zikiwa baridi, ulinganishe na kibandiko cha mlangoni. Zikiwa ngumu kupita kiasi, mkia utaruka kwenye kila tuta. Nati za magurudumu yaliyofunguliwa zikazwe tena mkifika Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta, kilomita 72 hivi kutoka Kampala. Watu wote wanasimama pale kupiga picha, nanyi mtakuwa na wili spana mkononi.

Mkikutana na murram (barabara ya udongo mwekundu) iliyolowa, mjue HiAce husukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma yenu ni kwepesi. Weka jerikeni za maji juu ya ekseli ya nyuma, ingia kwa gia ya pili, mwendo mmoja, usikanyage breki katikati. Beba jeki ya tani mbili na kipande cha ubao sentimita 30 kwa 30 cha kuweka chini yake, la sivyo jeki itazama na gari litabaki palepale. Afadhali zaidi mwende Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari.

Haya, kitanda chako. Fungua safu za viti vya nyuma, boliti zake zifungwe kwenye mfuko na kuandikwa, mjomba wako atazidai. Nunua plaiwudi moja ya milimita 12, ni sentimita 122 kwa 244. Kata sentimita 190 kwa kitanda. Kile cha 54 kinachobaki kiwe meza ya kupikia. Fremu ni mbao za inchi mbili kwa mbili, miguu sentimita 40 ili kitanda kipite juu ya matao ya magurudumu, na boriti kila sentimita 40 plaiwudi isibonyee. Fremu ifungwe kwa boliti kwenye matundu yaleyale ya viti. Kitanda kisichofungwa, ukipiga breki ya ghafla, kinawafuata mbele. Godoro la inchi nne, chandarua cha kubandika madirishani, na madirisha mawili ya pande tofauti yaachwe wazi vidole viwili. Bunyonyi usiku ni baridi. Mablanketi mawili kila mtu. Mtashawishika kuingiza sigiri ndani mpate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Sigiri ikae nje, hata ikiwa imebaki majivu mekundu tu.

Saa kumi na moja jioni muwe mmeegesha. Jua linazama karibu saa moja mwaka mzima, na gizani barabarani kuna malori yaliyoharibika bila taa, ng'ombe, na boda boda wasio na taa. Bunyonyi laleni kambini. Mijini, omba meneja wa kituo cha mafuta chenye askari, ujaze kwake kwanza ndipo uombe. Vijijini, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kabla giza halijaingia, umwambie ninyi ni nani na mnaondoka saa ngapi. Akikujua, kijiji kimekujua. Kasese msiegeshe kando ya mto Nyamwamba hata pakiwa pakavu. Mwaka 2013 na tena 2020 ulitoka kingo zake na kubeba nyumba.

Kati ya Katunguru na Kikorongo barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Kupita hakulipiwi, na bajeti yenu inaruhusu kupita tu. Mkikata kuingia Mweya, mmeingia hifadhini, na kiingilio ni cha watu na cha gari. Tembo huvuka jioni na alfajiri. Akisimama barabarani, nanyi simameni mbali, injini ikiwaka, msipige honi. Kulala kando ya barabara pale ni kosa, na viboko wa Mfereji wa Kazinga hutoka kula usiku.

Trafiki mtawakuta wengi, hasa eneo la Lwera kabla ya Lukaya. Muwe na bima ya mtu wa tatu iliyo hai, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, spea tairi yenye upepo, na barua ya mjomba wako inayosema amewaazima gari, pamoja na nakala ya logibuku. Angalieni daraja la pamiti zenu za udereva wote wawili, kwa maana gari la viti 14 si gari dogo.

Chakula hakina maneno mengi: rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) asubuhi, posho (ugali) na maharage mchana, jioni mpike. Gonja (ndizi za kuchoma) ya Lukaya nunueni, mama yako ameniambia niiandike.

Na mwenzako. Mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba pesa zote ziko mfuko mmoja, mmoja ashike na mwingine aandike, na kwamba anayeendesha ndiye anayeamua kusimama. Mshale wa joto ukipanda na mwingine akasema "tusogee kidogo tu, tumekaribia", neno la dereva ndilo la mwisho.

Kabla hujalipia tairi, nipigie picha ule ubavu wenye tarakimu nne, unitumie.

Baba yako,
Arua