Vifaranga vya sato vikipungua, pasua kambare kwanza

Wiki hii msomaji wa Magu ameniandikia: "Kaka, vifaranga vya sato vinapungua, na maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Nimfukuze mlinzi?"

Usimfukuze. Mimi nafuga Misungwi, sato pamoja na kambare, ili kambare wapunguze watoto wa sato wanaozaliana bwawani. Mwaka jana mvua zilishusha tope, kisha jua likawaka, na vifaranga vikawa havionekani. Ndugu zangu wote wakamnyooshea kidole kijana anayelala bwawani. Aliyeniuzia vifaranga akanitangazia mbele za watu kwamba nafuga mwizi, eti kwenye maji machafu kambare haoni cha kula. Maneno yale yananiuma hadi leo. Nilivua kambare mmoja mkubwa nikampasua palepale ukingoni: tumbo limejaa vifaranga vyangu, vingine magamba bado yanang'aa. Kijana bado yuko nami, na mavuno ya mwezi uliopita, makubwa kuliko yote niliyowahi kupata, tumeyatoa pamoja.

Sato hutegemea sana macho. Maji yakichafuka, anamwona adui akiwa ameshafika. Kambare yeye huwinda kwa sharubu na harufu, tope halimsumbui. Tena maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo, huku hamu ya kambare ya kula ikipanda. Alfajiri, oksijeni ikiwa chini kabisa, sato hupanda juu kuhema wakiwa wamelegea. Kambare anajazia kwa kuvuta hewa ya juu, kisha anaendelea kuwinda. Usichukue mfano wa Ziwa Victoria. Kule sangara anahitaji oksijeni nyingi, ndiyo maana baadhi ya furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, walinusurika kwenye maji yenye oksijeni haba, ambako sangara hawezi kuwafuata. Bwawani kwako hakuna kimbilio la namna hiyo.

Ndugu zangu, tuna haraka ya kuamini wizi kuliko kutazama maji. Acheni! Kijana wa watu ana jina lake la kulinda.

Zamisha mkono, vidole vikipotea machoni mapema, kabla maji hayajakaribia kiwiko, na rangi ni ya udongo, chimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua na upande nyasi kingoni. Kambare waingie wakiwa wadogo kuliko sato. Na kesho amka kabla ya jua uangalie: sato wakiwa juu wanahema, usiwalishe asubuhi hiyo, ingiza maji mapya, kisha vua kambare wakubwa wote uwapeleke sokoni.