Kabla Hujatia Sumu Kwenye Yai: Kenge, Chatu na Banda la Kuku

Wiki hii tumepata ujumbe kutoka mwalo mmoja wa Ziwa Albert, upande wa Buliisa, Uganda. Aliyeuandika ni mvuvi anayefuga kuku. Kenge wanamaliza mayai, wawili ameshawakata panga, na kuku wakubwa wanne wametoweka usiku mmoja mmoja. Anauliza atie sumu gani kwenye yai, na kiasi gani, ili wamalizike wote. Mwishoni akaongeza kuwa kuna kobe wa ziwani kanasa kwenye ndoano, je, ana bei?

Ujumbe huu umetuuma. Ndugu yetu ana haki ya kulinda kuku wake, hilo hatubishi. Tunachobisha ni sumu, tumelisema mara nyingi na tutalisema tena. Yai lenye sumu halichagui mdomo. Mbwa wako atalila, mtoto wa jirani ataliokota, na kenge akifa nalo atashukiwa na tai na furukombe, nao watakufa. Mwaka 2018 simba 11, wengi wao wakiwa watoto, waliuawa kwa sumu katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Tena Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 hairuhusu kuua, kufuga wala kuuza wanyama hawa bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA.

Basi anza kwa kumjua mwizi. Jioni, kuku wakishaingia, chekecha jivu kavu kuzunguka banda lote, upana wa hatua moja, unene wa kufunika udongo tu. Asubuhi lisome kabla watu hawajalikanyaga, kisha liache hadi jioni ulisome tena, kwa maana kenge ni mnyama wa mchana. Nyayo zake huonekana pande mbili, kila moja na alama za kucha ndefu tano, na katikati pana mstari wa mkia unaopinda kama maandishi ya mtoto. Chatu huacha njia moja pana, mara nyingi iliyonyooka, bila unyayo wowote. Ukikuta manyoya yametapakaa na damu ukutani, usimtafute nyoka. Hiyo ni kazi ya nguchiro, kicheche au mbwa. Chatu humeza kuku mzima na haachi fujo. Ndugu yetu anasema kuku walitoweka bila hata unyoya mmoja, na mayai huibwa mchana. Kwa hiyo ana wageni wawili tofauti, na kuwaua kenge wote kusingemrudishia kuku hata mmoja wa wale wa usiku.

Kosa kubwa la mabanda ya mwaloni ni nyavu chakavu za kuvulia. Mtu anazo bure, anazungushia banda, anaona amemaliza. Kenge mkubwa, anayeweza kufika mita 2, huzichana kwa kucha. Nyoka naye hupenyeza kichwa, magamba yananasa kila anapojaribu kurudi nyuma, uzi unamkata, na anafia hapo, hata kama ni nyoka wa nyumba asiye na sumu aliyefuata panya wako. Waya wa kuku wa matundu ya inchi moja nao hautoshi. Nyoka mwembamba huingia, humeza kifaranga, kisha tumbo lililovimba haliwezi kupita pale alipoingilia. Unachohitaji ni wavu wa chuma wa robo inchi, yaani matundu ya milimita 6.

Wavu huo lazima uingie ardhini, kwa sababu kenge huchimba. Kinachomshinda si kina cha mtaro, ni umbo la wavu: unashuka sentimita 30, kisha unakunjwa kuelekea nje sentimita nyingine 30, kama herufi L. Kenge huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na udongo. Akikuta wavu umelala chini yake huhangaika hapo hapo, hana akili ya kurudi nyuma sentimita 30 aanze upya. Ukiukunja kwa ndani umepoteza pesa.

Halafu panda juu. Nafasi kati ya ukuta na mabati ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na chatu hukwea vizuri. Izibe yote kwa wavu huo huo, kuku bado watapata hewa. Chini ya mlango, kama kidole chako kidogo kinapita, pigilia ukanda wa tairi la zamani ufute sakafu. Mayai yaokotwe mara mbili, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, na vifaranga wa chini ya wiki sita wabaki ndani ya tenga lililofunikwa.

Wanauza sokoni mawe ya kufukuza nyoka, watu wanamwaga mafuta ya taa, wanatundika vitunguu saumu, wanachoma tairi. Usipoteze hata shilingi. Nyoka wanafuata panya, panya wanafuata mahindi yaliyomwagika, na kenge wanafuata matumbo ya samaki. Mwaloni penye chanja za kuanikia muziri na ragoge, samaki wadogo wa ziwa hili, uchafu wa samaki ukirundikwa nyuma ya nyumba ni mwaliko wa kila siku. Uchimbie shimo lenye mfuniko. Nafaka iwe kwenye pipa la chuma, chakula cha kuku kilichobaki kiondolewe kabla ya giza, kuni ziinuliwe sentimita 30 kutoka ardhini, na nyasi zifyekwe mita 5 kuzunguka nyumba.

Ukiamka ukamkuta chatu ndani ya banda ameshiba hawezi kutoka, kuku huyo ameshakwenda na panga halitamrudisha. Toa kuku wengine taratibu, fungua mlango wote, ondoa mbwa na watu, mtu mmoja akae mbali akiangalia, na UWA wapigiwe simu. Ukimchokoa atatapika alichomeza apate kukimbia au kupigana, na meno yake ni mengi yaliyopinda nyuma, kidonda chake huchafuka. Usimfunge kwenye gunia ukampeleke mbali kwa boda. Nyoka aliyetupwa asikokujua hutangatanga akitafuta maficho, akauawa barabarani au kwenye ua wa mtu mwingine.

Kuhusu kenge, kuna jambo wavuvi hawaambiwi. Hugh Cott, aliyechunguza mamba wa Uganda na kuchapisha kazi yake mwaka 1961, alimtaja kenge miongoni mwa wezi wakubwa wa mayai ya mamba. Mnaomaliza kenge kando ya ziwa mnawaondoa wanaopunguza mamba kabla hawajazaliwa. Kenge jike naye hutaga ndani ya kichuguu hai, mvua inapolainisha udongo. Hufukua, hutaga makumi ya mayai, kisha mchwa wenyewe huziba tundu. Mayai hukaa humo miezi mingi katika joto lisilobadilika. Ukibomoa kichuguu upate udongo wa matofali, unaweza kuwa umebomoa kizazi kizima. Acha kile kilicho karibu na maji.

Sasa nyoka wenye sumu, maana ndio wanaofanya watu wachukie kila kinachotambaa. Kifutu halikimbii kishindo chako. Hulala kimya njiani likitegemea rangi yake, na mvuvi anayeshuka ziwani saa kumi alfajiri bila tochi hulikanyaga. Tochi, viatu vya mpira na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro vinaokoa maisha kuliko panga lolote. Swila hutema sumu umbali wa mita 2 au zaidi, akilenga uso. Jicho likipatwa, mwaga maji safi kutoka jerikani kwa dakika 15 au zaidi, kuanzia upande wa pua kwenda nje, usilifikiche, usitie majani, kisha nenda hospitali.

Aliyeumwa alale. Mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaja. Funga banzi kando ya mguu ulioumwa, kama unavyofunga mfupa uliovunjika, bila kukaza. Andika saa aliyoumwa. Kwenye boda akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshikilia nyuma. Akitapika au akisinzia, alazwe ubavu wa kushoto. Usifunge kamba. Sumu ya kifutu huozesha nyama, na ukiifungia mahali pamoja huku umezuia damu, mguu huo unaweza kukatwa. Usichanje, usinyonye, na jiwe jeusi halivuti sumu yoyote.

Uliza leo, kabla hakuna aliyeumwa, ni hospitali ipi karibu nawe inayoweka antivenomu, yaani dawa ya sumu ya nyoka. Usinunue ukadungie nyumbani, kwani inaweza kusababisha mwili kupambana nayo vibaya ndani ya dakika chache, na dawa ya kuzuia hilo iko hospitalini. Mtoto hupewa kiasi kile kile cha mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpimia sumu ndogo. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, na lengo ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Yule kobe wa ziwani hana bei, na hakuna haja ya kumtafutia. Ana gamba laini kama ngozi na pua iliyochongoka kama mrija, hutaga kwenye mchanga wa kandokando, na mchanga huo ndio unaochotwa na malori. Mshike ukingo wa nyuma wa gamba, maana shingo yake ndefu hugeuka na huuma vibaya. Ndoano ikionekana mdomoni, kata ncha yenye kimiba kwa koleo, kisha irudishe ilikoingilia. Ikiwa imemezwa usivute, utararua koo. Kata mshipi karibu kabisa na mdomo. Akitoka wavuni amelegea, usimrudishe majini, atazama. Mlaze kivulini, inua sehemu ya nyuma kama sentimita 15, mfunike kitambaa kibichi bila kuziba pua, na umpe saa kadhaa hadi atembee mwenyewe.

Na hii hapa hesabu ya kwenda nayo dukani, ndugu yetu. Banda lako ni mita 3 kwa 2, mzunguko ni mita 10. Wavu wa robo inchi wenye upana wa sentimita 90 unagawanyika vizuri: 30 juu ya udongo ukipigiliwa ukutani, 30 kushuka, 30 kulala kuelekea nje. Ukikunja, kila moja ya pembe nne za nje itabaki na pengo la mraba wa sentimita 30, na kenge atalipata. Kwa hiyo nunua mita 11. Ile moja ya ziada ikate vipande vinne vya kuziba pembe, vikubwa kidogo kuliko pengo ili vipandane, na uvishone kwa waya wa kufungia. Wavu wa chini ya mabati upime peke yake, baada ya kupanda ngazi na kuona nafasi ilivyo.