Kazi yangu ya jioni kwenye duka la nguo, Jinja

Mdau ameuliza kama kuna aliyewahi kufanya kazi baada ya masomo kwenye yale maduka ya nguo ya kizamani, alilipwaje, na kwa nini yamepungua. Mimi nilifanya, Jinja, Uganda, miaka ya 1990, nikiwa sekondari. Nikitoka darasani nilikwenda moja kwa moja Main Street na sare yangu mwilini.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapohapo. Familia yake ilifukuzwa na Amin mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine, ikarudi baada ya serikali ya Museveni kuanza kuwarudishia mali zao. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani: "Mama, hii bora sana, hapana chuja rangi!" Na kweli, kama kitachuja alikuwa hasemi hivyo.

Kila kitu kilikaa nyuma ya kaunta. Mteja ananyoosha kidole, mimi napanda ngazi, nashusha jora na kulikunjua mbele yake. Kupimia tulikuwa na mita ya chuma iliyogongomewa ukingoni mwa kaunta. Popilini haikukatwa kwa mkasi mpaka mwisho: unachanja kidogo pindoni, unashika huku na huku, unachana kwa nguvu moja. Inafuata uzi wake na kunyooka kuliko mkasi wa fundi yeyote. Satini usijaribu.

Gomesi, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, ndiyo iliyotulisha. Moja hula kama mita sita, na bado hujanunua kikoyi cha ndani. Mama akishalipa anatoka na kitambaa chake mpaka barazani, fundi wa cherehani anampima palepale. Vazi hilo lilipata umbo lake mikononi mwa Gomes, fundi Mgoa, yaani mtu wa Goa, India, mwanzoni mwa karne ya 20, basi mzee alijiona ana hisa humo. Akina mama wa Kisoga, wenyeji wa Jinja, walimcheka, lakini wakinunua.

Wengi wanasema mivumba, yaani mitumba, ndiyo iliyoua maduka hayo. Nusu ni kweli. Mashati na suruali zetu zilikufa kabisa, nani anunue mpya wakati sokoni kuna ya Ulaya kwa bei ya kutupa? Ila robota la mivumba halileti gomesi, wala kanzu, wala sare ya shule. Kukiwa na kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa binti), Idi au kufungua shule, duka lilijaa mpaka mlangoni.

Kwa maoni yangu, kaunta nayo ilituangusha. Mtu anataka kuishika nguo, aigeuze, ajipime, ndipo aulize bei. Kwenye mivumba anainama na kuchambua atakavyo. Kwetu ilibidi aombe, na ukiombeshwa mara tatu unaona haya kuondoka mikono mitupu, kwa hiyo safari nyingine huingii. Nilimwambia mzee tutandaze angalau vitenge nje. Alisema vumbi.

Malipo: nilipewa mkononi kila Jumamosi, fedha ya daftari na kalamu, si zaidi. Faida ilikuwa mabaki ya jora, yale yasiyofika mita. Dada zangu walivaa sketi za vipande hivyo miaka yote ile. Kama una kijana anayetafuta kazi ya aina hiyo, aulizie maduka ya sare mwezi Januari. Hapo ndipo wanapozidiwa.