Vijipu vya mtoto visivyosikia dawa: mulika kitundu, kisha kagua nguo

Mkuu, umesema mtoto ana vijipu kiunoni na mgongoni, vina kitundu katikati, vinatoa majimaji, analia usiku, na antibayotiki ya wiki nzima haikusaidia. Hapo mshuku nzi wa embe, Cordylobia anthropophaga. Buu lake limo ndani ya ngozi, na antibayotiki hailiui.

Osha, kausha, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona vidoti viwili vyeusi vinachungulia na kuzama, ndipo linapopumulia. Ukidondosha tone la maji juu yake, mara nyingi hutoa vipovu.

Tafadhali usikamue kabla. Buu lina miiba inayolishikilia, na likipasukia ndani mabaki yake huleta uvimbe na usaha. Paka Vaseline nene, uzibe kitundu chote, usubiri nusu saa. Likikosa hewa hujisukuma nje. Kisha weka vidole gumba pande mbili, mbali kidogo na kitundu, kandamiza chini halafu lisukume juu. Likichomoza, livute polepole kwa kibano. Lililokomaa hufika milimita 13 hadi 15. Likigoma, paka tena. Sindano na wembe weka mbali kabisa. Baadaye osha kwa sabuni, paka dawa ya vidonda, na uhakikishe chanjo ya pepopunda haijapitwa. Kijipu kikiwa karibu na jicho, au kukiwa na homa au wekundu unaosambaa, mpeleke hospitali.

Sasa chanzo, maana bila hiki utakamua kila wiki. Nzi huyu hatagi kwenye ngozi. Hutaga mayai 100 hadi 300 kwenye mchanga wa kivulini wenye mkojo au kinyesi, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Huanguliwa kwa siku 1 hadi 3, na kibuu huweza kukaa zaidi ya wiki bila kula, kikingoja joto la mwili. Mtoto akivalishwa, kinapenya bila yeye kuhisi.

Anika juani, anua kabla ya jioni, usitandaze nguo majanini. Kisha piga pasi ya moto pande zote mbili, ukikawia kwenye mishono, mikunjo na mikanda ya kiuno. Wengi hupiga upande wa nje tu, na vibuu vinabaki kwenye mshono. Nepi, shuka, taulo na mbeleko zote zipigwe. Kisichovumilia pasi kifunge ndani ya mfuko kwa wiki mbili, mabuu yafe njaa.

Mkague na mbwa kama yupo, tumboni na miguuni, kwa sababu mbwa na panya ndio hubeba mabuu haya zaidi, na mtoto asicheze kwenye mchanga anapolala mbwa. Kijipu kipya siku mbili tatu za mwanzo kisikutishe, kibuu kilikuwa kimeshaingia. Wiki ikipita na vipya bado vinazuka, kuna kitambaa unakiruka, na mimi ningeanza na mbeleko.